Nyasi Zilipoandika: Tahakiki ya Shajara ya Sol Plaatje Kutoka Mafeking

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba wapiganapo fahari wawili, ziumiazo ni nyasi. Ni vigumu kwa vita vya wakubwa kuzungumziwa darasani bila methali hii kutajwa. Mwanafunzi akiulizwa kuhusu vita vya Waingereza na Makaburu huko Afrika Kusini hujibu kwa methali hiyo hiyo: fahari wa kwanza ni Mwingereza, fahari wa pili ni Kaburu, na nyasi ni Mwafrika. Jibu hilo hupewa alama na somo huendelea.

Katika makala haya nakusudia kuonyesha kwamba jibu hilo lina upungufu mkubwa. Upungufu huo hudhihirika mtu anaposoma kitabu kimoja ambacho wengi wetu katika idara za Kiswahili hatukipi nafasi, labda kwa sababu hakikuandikwa kwa Kiswahili. Kitabu chenyewe ni shajara ya Solomon Tshekisho Plaatje, aliyoiandika ndani ya mji wa Mafeking ulipokuwa umezingirwa na majeshi ya Makaburu. Maandishi yake yanaanza tarehe 29 Oktoba 1899 na kukoma tarehe 30 Machi 1900. Nitaeleza kwa ufupi vita vyenyewe, kisha nitaijadili shajara kwa fani na maudhui, na mwisho nitasema kwa nini kazi hii inatuhusu sisi tunaofundisha Kiswahili katika nchi hizi za Maziwa Makuu.

Vita vyenyewe kwa ufupi

Waingereza na Makaburu walipigana mara mbili. Vita vya kwanza vilikuwa vya 1880 hadi 1881, na vilimalizika baada ya Waingereza kushindwa katika mlima wa Majuba tarehe 27 Februari 1881. Miaka mitano baadaye, mwaka 1886, dhahabu nyingi iligunduliwa Witwatersrand katika jamhuri ya Makaburu ya Transvaal. Tangu hapo Uingereza haikuweza tena kuitazama jamhuri hiyo kama nchi ya wafugaji tu. Vita vya pili vilianza tarehe 11 Oktoba 1899, Transvaal na Orange Free State zikiwa upande mmoja na Dola ya Uingereza upande wa pili. Vilimalizika kwa mkataba wa Vereeniging wa tarehe 31 Mei 1902.

Mwanzoni mwa vita hivyo vya pili Makaburu waliizingira miji mitatu: Ladysmith, Kimberley na Mafeking. Mafeking, ambao leo huitwa Mahikeng, ulizingirwa kwa siku 217, kuanzia tarehe 13 Oktoba 1899 hadi 17 Mei 1900. Kamanda wa Waingereza pale alikuwa Kanali Robert Baden-Powell. Habari za kukombolewa kwa mji zilipofika London watu walimiminika mitaani kwa shangwe, na Baden-Powell akawa shujaa wa taifa.

Pande zote mbili zilitangaza kwamba hivi ni vita vya watu weupe peke yao. Mwishoni mwa Oktoba 1899 Jenerali Piet Cronje wa Makaburu alimwandikia Baden-Powell kumlaumu kwa kuwapa silaha watu weusi. Ukweli ni kwamba pande zote mbili ziliwatumia Waafrika kwa maelfu: kama waendesha magari ya ng'ombe, wachimba mahandaki, wapelelezi, wapeleka barua na watumishi wa wapiganaji. Mwaka 1902 Waingereza wenyewe walikiri kwamba Waafrika zaidi ya 10,000 walikuwa wamepewa bunduki katika jeshi lao. Aidha, katika kambi ambamo Waingereza waliwakusanya raia, walikufa wanawake na watoto wa Kikaburu zaidi ya 26,000. Waafrika walikuwa na kambi zao tofauti, na vifo vilivyoorodheshwa humo vinazidi 14,000. Kumbukumbu za kambi hizo hazikutunzwa vizuri, hivyo watafiti wanakubaliana kwamba idadi halisi ilikuwa kubwa zaidi.

Mwandishi na kitabu

Plaatje alizaliwa mwaka 1876 katika eneo la Boshof, Orange Free State, akasoma katika shule ya misheni ya Pniel. Kuanzia mwaka 1894 alifanya kazi posta mjini Kimberley. Mwaka 1898 alihamia Mafeking kuwa mkalimani na karani katika ofisi ya hakimu, Charles Bell. Mzingiro ulipoanza alikuwa amefikisha miaka 23 siku chache tu zilizopita. Mke wake Elizabeth na mtoto wao mchanga hawakuwa naye mjini. Mchana alifanya kazi ya serikali, na wakati mwingine aliwapigia taipu waandishi wa habari wa Kizungu. Alipopata nafasi aliandika shajara yake.

Shajara hiyo ilikaa katika familia yake bila kujulikana kwa karibu miaka sabini. Mwaka 1969 mtafiti John Comaroff alionyeshwa maandishi hayo alipokuwa akifanya utafiti mjini Mafeking, na yakachapishwa mwaka 1973. Wakati huo mwandishi alikuwa amekwisha kufariki tangu 1932, na hivyo hakupata kuandaa maandishi yake kwa ajili ya msomaji yeyote. Jambo hili ni muhimu kwa mhakiki, kwa maana tunachokisoma ni daftari la kijana aliyekuwa akijiandikia mwenyewe. Tusikisome kama tunavyosoma hotuba.

Fani: kicheko na mchanganyiko wa lugha

Anayeifungua shajara hii akitarajia vilio atashangaa. Jambo la kwanza linaloonekana ni ucheshi. Katika kurasa za mwanzo kabisa Plaatje anausikiliza mlio wa mizinga ya upande wake kama mtu anayesikiliza muziki, na anausifu. Mzinga mkubwa wa Makaburu ulioupiga mji kila siku anauita kwa jina la utani, Au Sanna, kana kwamba anamzungumzia bibi kizee mkorofi wa jirani. Milio ya mizinga kwake ni ngurumo za radi, na Jumapili, siku ambayo kwa kawaida pande zote mbili ziliacha kupigana, ni siku isiyo na ngurumo.

Wapo wahakiki watakaouona ucheshi huu kuwa utoto wa mwandishi. Kwa mtazamo wangu, ucheshi ndio mbinu kuu ya usimulizi katika nusu ya kwanza ya shajara, na una kazi yake. Mzinga ukipewa jina, unaweza kuzoeleka. Watani zetu wa pwani na bara wanalijua jambo hili: lile unaloweza kulicheka limekwisha kupungua ukubwa. Ucheshi huu pia ni kipimo. Kadiri kurasa zinavyosonga kuelekea Februari na Machi 1900 mzaha unapungua, na njaa inachukua nafasi yake. Plaatje hatuambii popote kwamba ameacha kucheka. Msomaji ndiye anayegundua kwamba kurasa kadhaa zimepita bila kicheko.

Jambo la pili ni lugha. Msingi wa maandishi ni Kiingereza, lakini ndani yake mna Kitswana, Kixhosa, Kizulu, Kisotho na Kiholanzi. Wanafunzi wetu wa isimujamii watalitambua mara moja kuwa ni suala la kuchanganya msimbo. Ni muhimu waone pia kwamba mchanganyiko huu haukutokana na upungufu wa Kiingereza. Baada ya mzingiro Plaatje alifanya mitihani ya utumishi wa serikali ya Koloni la Cape akaongoza katika Kiholanzi na upigaji taipu. Lugha ya ofisi aliimudu vilivyo. Katika daftari lake anahama lugha pale anapomnukuu mtu au anapotaka kejeli ibaki na ladha yake, na pale jambo linapokuwa la nyumbani zaidi kuliko la ofisini. Kwa hiyo lugha anazoziandika zinatupa ramani ya mji wenyewe. Katika historia nyingi za mzingiro mji huo huzungumza Kiingereza peke yake, lakini kwa Plaatje una lugha sita.

Hapa nina lawama moja kwa uchapishaji. Jina lililochaguliwa mwaka 1973 liliita kazi hii shajara ya Vita vya Makaburu ya Mwafrika aliyekuwa Mafeking. Toleo la baadaye lililoandaliwa na Comaroff, Brian Willan na Andrew Reed liliongeza maelezo kwamba haya ni mawazo ya mtu mweusi juu ya vita vya mtu mweupe. Maelezo hayo yanavutia wanunuzi, lakini yanapingana na kitabu chenyewe. Shajara inaonyesha ukurasa baada ya ukurasa kwamba vita hivi havikuwa vya mtu mweupe peke yake. Msomaji anayeanzia kwenye jalada anaingia ndani akiwa amekwisha kuambiwa kwamba Waafrika walikuwa watazamaji.

Maudhui: nyasi zenye bunduki

Mji wa Mafeking ulikuwa na sehemu mbili. Palikuwa na mji wa Wazungu, wenye watu chini ya 2,000, na palikuwa na mji wa Barolong uliojengwa kando ya mto Molopo, ambao ulikuwapo kabla ya huo wa Wazungu. Ukijumlisha wenyeji na wakimbizi, Waafrika walizidi 7,000. Barolong walilinda upande wao wa mji wakiwa na bunduki. Tarehe 12 Mei 1900, wiki chache baada ya shajara kukoma, Makaburu walioongozwa na Sarel Eloff, mjukuu wa Rais Kruger, walipenya kupitia mji huo na kuuchoma moto. Kuzingirwa na kukamatwa kwao kulitegemea sana wapiganaji wa Barolong.

Katika shajara watu hawa wana majina na tabia. Yumo Mathakgong, aliyekuwa akitoka usiku na wenzake kupita katikati ya Makaburu kwenda kunyakua ng'ombe na kuwaleta mjini wachinjwe. Yumo chifu Wessels Montshiwa, aliyekosana na Waingereza mpaka wakamwondoa madarakani na kumweka Lekoko. Wamo pia wapeleka barua waliovuka mistari ya adui, ambao bila wao magazeti ya London yasingekuwa na habari za kuchapisha. Hapo ndipo methali ya fahari na nyasi inapokwama. Nyasi haiwezi kutoka usiku kwenda kuiba ng'ombe wa fahari. Tukishikilia methali hiyo tunamhurumia Mwafrika wa Mafeking, lakini tunamnyang'anya matendo yake yote, mema na mabaya.

Nasema mema na mabaya kwa sababu shajara haiishii kwenye ushujaa. Sehemu yake nzito zaidi ni ile ya njaa, na hapo ndipo uhakiki wetu unapaswa kuwa makini.

Chakula kilipopungua, serikali ya kijeshi iliugawa mji katika matabaka. Mzungu alikuwa na mgao wake. Mwenyeji wa Kibarolong aliweza kununua nafaka kidogo. Mwafrika mgeni, yaani mkimbizi au kibarua aliyekuja kutoka migodini na mashambani, alifungiwa nafaka na kuelekezwa kwenye majiko ya supu ya nyama ya farasi, au kushinikizwa atoroke mjini usiku kuelekea Kanye, ambako jeshi la Kanali Plumer lilikuwa limeweka akiba ya chakula. Njiani walikuwapo Makaburu wenye bunduki. Aliyeiba chakula alifikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi, na wapo waliopigwa risasi kwa kosa hilo. Katika mahakama hizo mkalimani alikuwa Plaatje.

Mwishoni mwa Februari 1900 Plaatje anaeleza jinsi alivyoona kwa mara ya kwanza nyama ya farasi ikiandaliwa kuwa chakula cha binadamu. Nyama yenyewe haikumshtua, maana ilifanana na nyama nyingine. Kilichomshtua ni pale nyama ilipokwisha na vichwa na miguu vikaletwa, na yale masikio marefu yakaonekana. Anasema waliopewa walifurahi. Mahali pengine anaeleza alivyozungukwa na watu kama hamsini wenye njaa, na mmoja wao akaanguka na kufa hapo hapo katika uwanja wa ofisi.

Hizi ni kurasa za thamani kubwa. Thomas Pakenham alipoandika historia yake ya vita hivi mwaka 1979 alilifufua suala la njaa ya Waafrika wa Mafeking na kumlaumu Baden-Powell. Tim Jeal, katika wasifu wake wa Baden-Powell wa mwaka 1989, alimtetea. Mabishano yale yalihusu zaidi takwimu za magunia na nia ya kamanda. Plaatje hatupi magunia, bali anatupa masikio ya farasi na furaha ya waliovipokea vichwa. Mtu anaweza kubishana na hesabu za ghala, lakini furaha ile ni vigumu kubishana nayo.

Hata hivyo, ni lazima tuulize Plaatje mwenyewe amesimama wapi katika picha hiyo. Amesimama upande wa wanaogawa. Wanaokula, kwa sehemu kubwa, hawana majina. Wanatajwa kwa kabila au kwa kule walikotoka, kana kwamba ni kundi moja, wakati Barolong wanatajwa mmoja mmoja. Huruma ipo na ni ya kweli, lakini inatoka kwa mtu mwenye kazi, mwenye mshahara na mwenye kwao, ikiwaendea wasio na kwao. Wahakiki wengi wa Plaatje hupita haraka hapa kwa sababu ya heshima wanayompa kwa aliyoyafanya baadaye. Mimi naona heshima hiyo haiwasaidii wasomaji. Tabaka la watu weusi wa Mafeking halikuwa moja, na shajara ni ushahidi wa hilo hata pale mwandishi wake asipokusudia kushuhudia.

Katika ukanda wetu neno mkimbizi halihitaji kufafanuliwa. Darasani kwetu wapo wanaojua orodha ya mgao ni nini, na tofauti kati ya jina lililomo na jina lisilomo. Wanafunzi hao watauona umbali wa Plaatje na wageni wale haraka kuliko profesa yeyote wa ng'ambo, na ni haki yao kuuliza maswali juu yake.

Mkalimani na hatima ya imani yake

Wapo wanaomhukumu Plaatje wa mwaka 1900 kuwa kibaraka wa Waingereza. Wapo pia wanaomsoma kwa kurudi nyuma kutoka mwaka 1912, alipochaguliwa kuwa katibu mkuu wa kwanza wa chama kilichokuja kuitwa ANC, na kumwona mpigania uhuru tangu ukurasa wa kwanza. Naona pande zote mbili zimekosea, kwa sababu hazizingatii kazi yake. Plaatje alikuwa mkalimani. Baadaye aliandika insha nzima juu ya umuhimu wa mkalimani mahakamani, akieleza kwamba neno likitafsiriwa vibaya mtu asiye na hatia anaweza kupoteza uhuru wake au uhai. Aliiamini sheria ya Uingereza kwa sababu aliiona kila siku ikifanya kazi kupitia kinywa chake. Katika Koloni la Cape wakati ule Mwafrika mwenye mali na elimu ya kiasi fulani aliweza kupiga kura, jambo ambalo jamhuri za Makaburu hazikuliruhusu. Utiifu wake ulikuwa na hesabu ndani yake.

Hesabu hiyo ilivunjwa na waliompa. Kifungu cha nane cha mkataba wa Vereeniging kilisema kwamba suala la kura kwa Waafrika katika nchi zilizokuwa za Makaburu lisiamuliwe mpaka wazungu wa huko wapewe serikali yao wenyewe. Maana yake ilikuwa wazi. Mwaka 1910 Muungano wa Afrika Kusini uliundwa, na mwaka 1913 ikapitishwa Sheria ya Ardhi iliyowaachia Waafrika takriban asilimia 7 tu ya ardhi. Plaatje alikwenda London mwaka 1914 katika ujumbe wa kuipinga, na mwaka 1916 akachapisha kitabu chake Native Life in South Africa.

Ndani ya kitabu hicho imo sura inayohusu Waafrika waliobeba silaha katika vita vya 1899 hadi 1902, na Mafeking inasimuliwa tena. Napendekeza wanafunzi wasome masimulizi haya mawili kwa pamoja. Mwandishi ni yule yule na mji ni ule ule, lakini sauti imebadilika. Katika shajara Barolong ni majirani. Katika kitabu cha 1916 ni mashahidi walioitwa mahakamani kuthibitisha deni. Ucheshi wa kijana umegeuka kejeli ya mtu mzima anayedai. Njaa ya wageni, ambayo ilijaza kurasa za Machi 1900, haiwezi kuwa na nafasi ile ile, maana hoja inahitaji Waingereza wakumbushwe utiifu wa Waafrika, wala si supu ya farasi. Kwa maoni yangu kitabu cha 1916 ni kazi yenye nguvu zaidi kisiasa, na shajara ni kazi iliyo kweli zaidi. Mhakiki anayesoma kimoja bila kingine anapata nusu ya Plaatje.

Kwa nini kazi hii inatuhusu

Msomaji anaweza kuuliza: haya yote yana uhusiano gani na Kiswahili? Uhusiano upo, tena wa karibu.

Kwanza, Makaburu walikuja kwetu. Baada ya vita wapo waliokataa kuishi chini ya Waingereza wakahamia Afrika Mashariki ya Wajerumani, maeneo ya Arusha na Meru. Mwaka 1908 kundi lililoongozwa na Jansen van Rensburg lilipanda na magari yake ya ng'ombe hadi nyanda za Uasin Gishu, eneo ambalo hadi 1902 lilikuwa sehemu ya himaya ya Uganda. Mji uliochipuka huko kwenye shamba namba 64 uliitwa na wenyeji Sisibo, kutokana na matamshi ya namba hiyo kwa Kiingereza. Ndio Eldoret ya leo, ambayo wengi wetu tunaipita tukienda Nairobi. Neno kaburu nalo limekaa katika Kiswahili kwa miaka mingi. Kamusi zinalieleza kuwa ni Mzungu wa Afrika Kusini mwenye asili ya Kiholanzi, na katika miaka ya mapambano dhidi ya ubaguzi wa rangi lilibeba ubaguzi wote, hadi tukapata ukaburu. Tunaposema Vita vya Makaburu tunaendelea kumtaja mmoja tu kati ya wengi waliopigana. Wanahistoria wengi sasa wanaviita Vita vya Afrika Kusini, na sidhani kuna kinachotuzuia kufanya hivyo kwa Kiswahili.

Pili, Baden-Powell pia alikuja kwetu. Alifariki Nyeri, Kenya, tarehe 8 Januari 1941 na kuzikwa huko, na chama cha skauti alichokianzisha kimo katika shule zetu. Mafeking ndiko sifa yake ilikoanzia. Mbele ya tume ya serikali iliyochunguza vita hivyo yeye alipunguza mchango wa Barolong katika ulinzi wa mji. Kijana wa skauti anayejifunza jina la Baden-Powell anastahili kujifunza pia jina la mkalimani aliyekuwa naye ndani ya mzingiro ule ule.

Tatu, na hili linaihusu idara moja kwa moja, Plaatje ni ndugu yetu wa kitaaluma. Mwaka 1916 alichapisha mkusanyo wa methali 732 za Kitswana, na mwaka huo huo, pamoja na mwanafonetiki Daniel Jones wa London, kitabu cha kusoma Kitswana kwa hati za kifonetiki. Alitafsiri tamthilia za Shakespeare kwa Kitswana. Tafsiri yake ya Julius Caesar ilichapishwa mwaka 1937, miaka mitano baada ya kifo chake. Mwaka 1963 Mwalimu Nyerere akachapisha tafsiri ya tamthilia hiyo hiyo kwa Kiswahili. Waafrika wawili, kila mmoja akiwa katikati ya siasa, walichagua tamthilia moja juu ya kiongozi anayeuawa na wenzake kwa jina la uhuru. Sijui tasnifu ya uzamili iliyo bora kuliko hiyo kwa mwanafunzi anayetafuta mada ya fasihi linganishi.

Hitimisho

Shajara ya Mafeking haijakamilika, haikuhaririwa na mwandishi wake, na ina mipaka ya macho ya karani kijana aliyekuwa upande wa serikali. Pamoja na hayo ni miongoni mwa maandishi machache mno ya Mwafrika yaliyoandikwa ndani ya vita hivyo, siku kwa siku, bila kujua nani atashinda. Ninapendekeza mambo mawili kwa idara. La kwanza, kurasa zake zilizochaguliwa ziingizwe katika kozi ya tafsiri, ili wanafunzi wapambane na swali la namna ya kuleta katika Kiswahili matini yenye lugha sita bila kuzifuta tano. La pili, sehemu hizo zilizotafsiriwa zitumike katika somo la fasihi linganishi sambamba na sura husika ya kitabu cha 1916.

Na mwanafunzi atakayeandika tena katika mtihani kwamba ziumiazo ni nyasi, mwalimu amwulize nyasi zipi: zile zilizokuwa na bunduki kando ya mto Molopo, zile zilizokuwa kwenye foleni ya vichwa vya farasi, au ile iliyokuwa na kalamu.